Kura ya Unga

Kijijini, juu ya Rutamba
9 Mei 2024

Mdogo wangu Sauda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Lindi, wewe na wanao. Mwambie Naima kofia yake nimeipata na imenitosha, ila naivaa ndani tu, maana nje ni matope na yenyewe ni nyeupe mno. Kikohozi changu kimepungua.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu hatuiwezi. Tukianza kuongea wewe unalia, mimi nanyamaza, salio linakwisha na hakuna aliyesema kitu. Ismael wa bodaboda hushuka Lindi kila akipata abiria. Amesema atakuletea barua mpaka mlangoni na hataki malipo. Mpe hata chai.

Tangu tumzike wifi yako nyumba imekuwa kubwa. Kuku wake hawaijui sauti yangu. Nikiwaita kwa mtama wanakimbilia upande wa pili, wanasimama kule wananitazama. Jirani yangu Rehani anasema nijaribu kuvaa kanga. Nimecheka kidogo, kisha nimeona huenda kweli.

Maji ya bondeni yameondoka, yametuachia mchanga. Mahindi yamelala, ufuta umelala, mihogo imeoza ikiwa ardhini. Mikorosho ya juu imesimama, Alhamdulillahi. Kwa upande wa chakula usiwe na wasiwasi. Ming'oko iko mingi porini mwaka huu, nachimba mwenyewe.

Kaka yako,
Mfaume


Lindi
19 Mei 2024

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Naima amekuwa wa nne darasani na anataka kila mtu ajue, basi na wewe nimekuambia. Ismael amekunywa chai na kumaliza chapati zote nilizowawekea watoto, halafu akasema ni agizo lako.

Ulipoandika habari za ming'oko nilicheka kwanza, maana hapa sokoni nainunua kwa tamaa. Kisha nikamuuliza Ismael, kaka anailia na nini? Akageuza uso, akaanza kuikagua tairi yake.

Kaka, nina jambo la kukuuliza. Sisi madiwani tumeitwa baraza la dharura. Ile fedha ya ushuru wa korosho na ufuta iliyobaki ilitengwa kwa kumalizia majengo ambayo wananchi wameyasimamisha wenyewe, na zahanati yenu imo. Mlikuwa mpate bati, milango na dari. Sasa limeletwa pendekezo fedha hiyo ikanunue unga na maharage kwa waliokumbwa na mafuriko. Wengine wanasema kodi si ya kugawa chakula, hiyo ni kazi ya misikiti, makanisa na watu wenye huruma zao. Wengine wanasema mtu aliyekatwa ushuru miaka yote, siku akilala njaa ushuru wake umjue.

Mimi ni diwani wa viti maalumu, lakini kura yangu ni moja kama ya yeyote. Sijaamua. Wewe ndiye uliyenisomesha, na zahanati ni ya kwenu. Unaonaje? Nijibu mapema, baraza ni mwanzoni mwa Juni.

Kuhusu arobaini ya wifi nitajitahidi, ila vikao vimebanana sana.

Mdogo wako,
Sauda


Kijijini
27 Mei 2024

Mdogo wangu Sauda,

Marahaba. Hongera kwa Naima, mwambie nne ni namba nzuri, inamwachia pa kwenda.

Dua ya arobaini tuliisoma juzi. Watu walikuwa wachache kwa sababu ya njia. Nafasi yako niliiacha kwenye mkeka, pembeni ya mama yake Rehani, mpaka sala ya laasiri. Baadaye mtoto mmoja aliikalia nikamwacha.

Umeniuliza nami nimekaa na swali lako siku kadhaa. Nitasema ninavyoelewa mimi, mtu wa darasa la saba. Nikikatwa ushuru kwenye korosho sijatoa sadaka. Sadaka naijua. Naitoa kwa mkono wangu, naijua nia yangu, na ninayempa namuona uso. Ushuru nakatwa nipende nisipende, nao nimeukubali kwa sababu kuna vitu mtu mmoja hawezi kujijengea. Chakula jirani anaweza kunipa. Paa la zahanati jirani hawezi.

Zile kuta tulizijenga wenyewe, unakumbuka. Huenda hili hukulijua: wifi yako alikuwa anapeleka maji ya kuchanganyia saruji. Siku moja alisimama kwenye chumba cha kujifungulia akamwambia fundi, "Hilo dirisha mbona linatazama njia? Mtu yuko kwenye uchungu, wapita njia wanamsalimia?" Fundi akasema ramani ndivyo ilivyo. Mboni wangu akavua kanga ya juu, akaitundika dirishani, akatoka mpaka njiani, akamwita, "Njoo usimame hapa nilipo, useme unaona nini." Fundi alibomoa akalihamishia upande wa mikorosho.

Kwa hiyo kura yako, mdogo wangu, naomba iende kwenye bati. Ukiniuliza njaa, ipo. Kwangu si sana.

Ismael pikipiki yake imekufa injini. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao, sijui atafika lini.

Kaka yako,
Mfaume


Lindi
7 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimengoja barua yako mpaka asubuhi ya baraza, nikasema labda hujisikii vizuri. Natumaini kikohozi hakijarudi. Hii nampa ndugu wa Ismael anayepandisha kuja huko.

Tumekaa jana. Diwani mmoja mtu mzima alisimama akasema, "Waheshimiwa, kodi ni ya maendeleo. Njaa ni ya jamaa. Kila mtu awatazame jamaa zake." Wakapiga meza. Sikujua kama nitasimama, nikajikuta nimeshasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, jirani humpa jirani akiwa nacho. Mwaka huu maji yameingia kwake na kwa jirani yake na kwa jamaa yake. Nani kati yao atampa mwenzake?" Mwingine akanidakia kutoka nyuma, "Huyo anamtetea kaka yake!" Ukumbi ukacheka. Sikukanusha.

Nilinyoosha mkono kwa unga, na unga umepita kwa kura chache. Bati litasubiri mwaka mwingine. Bati haliliwi, kaka. Nimeona watu wamelala kwenye madarasa, nimemuona mama anachemsha maji matupu ili watoto wasikie sufuria inatokota. Nikakuona na wewe huko peke yako.

Mdogo wako,
Sauda


Lindi
14 Juni 2024

Kaka,

Barua yako ya tarehe 27 imefika leo, na karatasi imeshika vumbi la mbao. Nimeisoma nimesimama mlangoni.

Habari ya dirisha sikuijua. Kura haiwezi kurudi. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Sauda


Lindi
30 Julai 2024

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu. Naima ameanza kujifunza kushona, karibu kila nguo humu ndani ina kiraka isichokihitaji.

Ismael amepata injini nyingine. Anasema alikuona unapuliza salfa kwenye mikorosho, umejifunga kitambaa usoni, ukampungia mkono na hukumwita. Nikafurahi kwamba una nguvu za kubeba ile mashine. Halafu nikahuzunika kwamba hukumwita.

Unga umefika kwenu tangu wiki iliyopita. Nimempigia mtendaji wa kijiji, ameniambia kila nyumba imeshaweka dole gumba isipokuwa yako. Anasema ulimwambia wakipewa wengine inatosha.

Sitabishana nawe habari za ushuru na sadaka. Huenda wewe ndiye uko sahihi na mimi nilifanya siasa kwa moyo. Lakini kula, kaka. Kama ni kunikasirikia, nikasirikie ukiwa umeshiba.

Mdogo wako,
Sauda


Kijijini
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Sauda,

Marahaba. Barua zako zote zimenifikia. Sikujibu kwa sababu kila nikianza nilijikuta naandika kama kaka mkubwa anayetoa amri, nikachana. Mikorosho imetoa maua mazuri. Mimi nimenenepa kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Kweli nilisema sichukui, wala sikutaka kukukomoa. Unga waliuweka ndani ya zahanati, wakavuta turubai juu ya kuta, maana hapakuwa na jengo jingine la kijiji lililobaki kavu. Nikaona nitaingiaje mle nitoke na kiroba. Siku ya kwanza nilipita mbali, Rehani akaniona. "Wee Mfaume! Njoo uchukue sadaka ya korosho zako!" Nikamwambia mtu hajipi sadaka mwenyewe. Akasema, "Basi iite mkopo, iite mahari, jina mimi sijali, mimi natazama weupe wake." Foleni nzima ikacheka. Mimi nikaenda shambani.

Kilichonirudisha ni sahani za watu. Wakati wa msiba majirani walituletea vyakula kwenye sahani zao na mabakuli, kama ilivyo kawaida yetu. Nawe unajua hapa kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Hata kama ni chumvi, utatia. Kazi hiyo ilikuwa ya wifi yako. Mimi nilibaki nazo kwenye kapu na sina cha kutia, maana ming'oko kila mtu anachimba yake. Basi nikawa nawakwepa watu. Nikimuona mama Rehani kisimani nageuza njia. Nao wakadhani nataka kukaa peke yangu na msiba wangu, wakaniheshimu. Ikawa hivyo Juni yote na Julai, kwangu haji mtu na mimi kwa mtu siendi.

Siku ya mwisho ya kugawa nilikwenda. Mtendaji akanishika dole akalibonyeza kwenye wino kama la mtoto. Nilipofika nyumbani nikatia unga kwenye kila sahani, nikafunika kapu kwa kanga, nikaanza kuzunguka. Tatizo ni kwamba sizijui. Mboni alijua kila ua ni la nani. Kwa mama Rehani nikatoa sahani yenye maua mekundu.

"Hii si yangu, baba, ni ya kwa mwalimu wa madrasa. Yangu ina ufa." Akachungulia ndani. "Na huu unga si ule ule tuliopangia foleni wote?"

"Ndio huo."

"Kwa hiyo umeniletea unga, na mimi ninao ndani, kutoka kiroba kimoja!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye baraza, na mimi nikacheka. Akanikalisha nikale. Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo, sahani si yao, unga wanao, na lazima nikae. Ilibaki moja yenye ukingo wa kijani, watu wote waliikataa. Nikarudi nayo. Kesho yake mama Rehani alipita akaiona mezani, akaniambia taratibu, "Hiyo ya Mboni mwenyewe, baba. Kwani huijui?"

Sasa watu wanakuja. Rehani anakuja mno.

Nakuambia ukweli, unga wako ulinisaidia. Mwezi wa Julai nilikuwa nalala mchana ili nisisikie njaa, hilo sikutaka ulijue. Lakini bado sijui kama hiyo ndiyo kazi ya ushuru. Namshukuru nani? Mtendaji ana haraka, kiroba kimeandikwa namba tu. Nimekushukuru wewe, lakini na wewe ulitoa cha watu.

Kaka yako,
Mfaume


Lindi
15 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa sauti, watoto wamecheka kwa mama Rehani mpaka Naima akapaliwa. Mwisho wake niliusoma kimya kimya.

Huku wamenipa jina, Diwani wa Unga. Wakiniona nashuka kwenye bajaji wanasema, "Mheshimiwa, leo kilo ngapi?" Nacheka nao, nitafanya nini. Jana mama mmoja wa soko la samaki alinivuta pembeni akaniambia kwao walikula kwa sababu yangu, na mwingine aliyesimama naye akasema binti yake alijifungulia njiani. Hawakuwa wanagombana. Kila mmoja alisema la kwake, kisha wakaniuliza nataka samaki gani.

Wewe unauliza umshukuru nani. Mimi kila nikipita nauliza ni nani nimwombe radhi, na sipati wa kumwomba zaidi yako.

Huko nitakuja vikao vikipungua. Msimu wa korosho ndio unaanza, unajua shughuli zake.

Mdogo wako,
Sauda


Kijijini
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sauda,

Marahaba. Korosho zimeanza kudondoka. Naokota asubuhi na jioni, mgongo unalalamika. Waambie hao wanaokutania kwamba mimi nilikula, na wakitaka ushahidi waje waniangalie shavu.

Siku ya mazishi uliniuliza kwa simu Mboni alifia wapi, nikakujibu njiani. Sikuongeza kitu, na wewe hukuuliza tena. Leo nitaongeza.

Homa ilimshika kwa siku chache, ikaja na kutetemeka na kuhema. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba, mimi na Rehani na vijana, tumpeleke Rutamba. Mvua ilikuwa imepungua, lakini kijito kilikuwa kimejaa na kinavuta miti. Tukamweka ukingoni, tukamshikia turubai juu. Akauliza mbona tumesimama. Nikamwambia tunapumzika. Akasema, "Basi waambie na hao vijana wakae chini, wamechoka." Baada ya hapo alisema mambo sikuyaelewa. Maji yalipopungua hapakuwa na haja ya kuvuka.

Pale ukingoni, ukigeuka nyuma, kuta za zahanati zinaonekana. Sisemi angepona. Dawa na daktari ni mambo nisiyoyajua. Nasema angelala ndani.

Sikuliandika hili nilipokuomba bati. Niliona nitakuwa nakushika mkono na kuunyoosha mimi.

Jambo jingine ni dogo. Mwaka huu serikali imekuja mpaka mlangoni kwangu, na kiroba imeleta. Wewe bado.

Kaka yako,
Mfaume


Lindi
3 Novemba 2024

Kaka,

Nakuja Ijumaa na Ismael. Nitalala siku mbili, vikao wataendesha wenyewe. Mboni ndiye aliyenisuka nywele siku naanza shule, na ndiye aliyenivalisha siku naapa udiwani, kwa hiyo ukiniona nimesimama uani siingii, usiniite. Niache nitaingia.

Sauda


Kijijini
19 Januari 2025

Mdogo wangu Sauda,

Natumaini mwaka umewaanzia vizuri. Gauni aliloshona Naima nimempa mjukuu wa mama Rehani, linamfika kwenye vidole vya miguu, analiburuza kijiji kizima.

Korosho nimeuza. Ushuru wamekata kama kawaida, na mara hii nilisimama nikaangalia wanavyokata, nikawaza hizo fedha zitakwenda wapi. Zamani nilikuwa naondoka.

Tangu uondoke nimepita zahanati mara nyingi. Namkumbuka Rehani alivyokusindikiza akakuonyesha kila ufa kama anauza nyumba, na wewe ukaenda kusimama kwenye dirisha la upande wa mikorosho, ukakaa pale muda mrefu, sote tukajifanya tunazungumza mambo ya mvua. Turubai limechanika kabisa sasa. Kuta za juu zimeanza kulika.

Binti mkubwa wa Rehani ana ujauzito, atajifungua mwezi wa nne, mvua zikiwa kamili. Baba yake siku hizi hana utani asubuhi. Anashuka kijitoni anatazama, anarudi, anasema, "Bado chini," na hakuna aliyemuuliza.

Nasikia bajeti mnaipitisha mwezi ujao, na kwamba kuna watakaosema tena fedha iwekwe kando kwa ajili ya njaa. Hawatakuwa waongo. Mahindi yangu yameota machache, na mchanga wa bondeni bado haujakubali kitu. Nimekaa nikafikiri sana juu ya yale tuliyoandikiana. Mwaka jana ulisema hapakuwa na jirani mwenye nacho, na ilikuwa kweli, nami sasa nakubali ulinyoosha mkono vizuri. Mwaka huu tuna majirani. Tutapeana. Tutakonda, lakini tutapeana. Paa hatuwezi kupeana.

Najua utakapokuwa umekaa pale ukumbini utanikumbuka mimi. Uliniona nilivyo, na kikohozi ulikisikia. Unga wa mwaka jana niliula, nikashiba, na Mungu akulipe. Mwaka huu ukinyoosha mkono, usinionee huruma.

Kaka yako,
Mfaume